SUKUMAWIKI NA MAJI YA KIJITO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nimepewa nafasi hii niandike makala ya mafunzo, na baada ya kuwaza na kuwazua nimeonelea nisiende mbali. Sitaandika juu ya sayari wala vyombo vya angani. Nitaandika juu ya sukumawiki. Najua kuna watakaocheka. Wacheke tu, maana hata wao jana saa saba waliila na ugali hapa hapa shuleni, na sidhani kuna aliyeuliza ilikotoka.

Swali langu ni hili: mboga huchafukaje ikiwa ingali shambani, kabla haijaona soko wala sufuria, na mkulima afanye nini ili isichafuke?

Kwanza tuelewane juu ya neno uchafu. Simaanishi udongo. Udongo unaonekana, na mtu akiuona huosha. Uchafu ninaousema hauonekani, nao ni wa namna tatu. Kuna vijidudu, kama vile vya homa ya matumbo, vya kipindupindu, na vile viitwavyo Escherichia coli ambavyo huishi matumboni mwa watu na wanyama. Vingi havidhuru, lakini baadhi yake huua. Kuna mayai ya minyoo, ambayo hukaa udongoni muda mrefu sana bila kufa. Halafu kuna kemikali, yaani dawa za wadudu na madini kama risasi. Ni muhimu kuzitenganisha namna hizi kwa sababu moto haushindi zote. Sukuma ikiiva vizuri vijidudu na mayai hufa. Risasi haifi, kwa vile haikuwa hai. Hata uichemshe mpaka sufuria iungue, risasi iko palepale. Na kachumbari haipiti motoni kabisa.

Sasa tuje nyumbani. Sisi watu wa Kinoo tunaishi mahali pa ajabu kidogo, si mji kamili wala si mashambani. Huku juu kuna barabara kuu ya kwenda Nakuru, na kando yake nyumba za kupanga zimeota kama uyoga, ghorofa juu ya ghorofa. Shosho yangu anasema alipoolewa huku palikuwa na mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa tu. Mashamba ya mboga yaliyosalia mengi yako mabondeni, karibu na vijito, kwa sababu huko si rahisi kujenga. Basi fikiria mteremko: nyumba juu, mboga chini. Maji hayapandi mlima. Chochote kinachomwagwa juu, siku moja kitafika chini.

Watu wengi husema mto wa Nairobi ni mchafu huko Gikomba na Korogocho, wakadhani jambo hilo haliwahusu watu wa upande huu. Lakini mto huo huanzia kwetu. Chanzo chake kinachojulikana ni kinamasi cha Ondiri pale Kikuyu, ambapo si mbali na sisi. Maji hutoka pale yakiwa safi, na uchafu huongezwa njiani, na wa kuongeza ni sisi tulio juu.

Mjomba wangu amekodi robo ekari bondeni. Mama huuza mboga zake stejini jioni. Kwa hiyo ninapoandika haya siandiki kama mgeni, mboga hiyo ndiyo karo yangu. Siku moja wakati wa kiangazi nilikuwa nikimsaidia kunyunyiza, nikaona povu la sabuni juu ya maji na harufu ambayo sitaieleza hapa kwa heshima ya walimu. Nikamwuliza:

"Mjomba, haya maji unajua yanakotoka?"

"Yanatoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu kwa Mungu," akasema huku akicheka, "halafu yanapitia kwa landilodi."

Alikuwa akisema ukweli. Kuna jengo moja la kupangisha, silitaji, ambalo shimo lake la maji taka hujaa, na badala ya kuita gari la kunyonya, mvua ikinyesha usiku kifuniko huachwa wazi. Asubuhi wote bondeni wanajua.

Mjomba ana jibu ambalo nimelisikia kwa watu wengi: "Tumekula hizi mboga miaka yote na hatujafa." Jibu hili lina nguvu, na ndilo lililonifanya nitafute zaidi. Kwani ni kweli hatujafa. Lakini tunaharisha. Zahanati hujaa watoto wanaoharisha, na kila mzazi husema ni maji, au ni meno yanaota, au ni jicho baya. Ni nani aliyewahi kusema ni mboga? Mtu akila leo, homa ya matumbo huweza kumshika baada ya wiki moja au mbili. Kufikia hapo amekwisha kula vitu ishirini vingine. Mboga imekwisha kuponyoka, haina kesi.

Mji ambao mboga ilikamatwa ni Santiago, mji mkuu wa Chile, huko Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1970 na 1980 homa ya matumbo ilikuwa tele mjini humo, ingawa karibu kila nyumba ilikuwa na maji safi ya mfereji. Madaktari walikuna vichwa. Ikiwa maji ya kunywa ni safi, ugonjwa unapita wapi? Kumbe maji taka ya mji mzima yalikuwa yakimwagwa bila kusafishwa katika mto Mapocho na mfereji mwingine uitwao Zanjón de la Aguada, na wakulima wa kandokando walikuwa wakiyateka kunyunyizia letasi na mboga nyingine zinazoliwa mbichi. Kila kiangazi, mvua ilipokosekana na wakulima wakategemea mto peke yake, homa ilipanda. Mwaka wa 1991 kipindupindu kikaingia Amerika ya Kusini kupitia Peru. Serikali ya Chile ikashtuka, ikapiga marufuku kunyunyizia mboga za kuliwa mbichi kwa maji hayo, na mashamba mengine yakalimwa mboga zikiwa zingali ardhini. Kipindupindu kilizuiwa, lakini cha kushangaza ni kwamba homa ya matumbo nayo, ambayo ilikuwa imewasumbua miaka mingi, ikaanguka ghafla. Hawakuwa wamebadilisha maji ya kunywa. Walikuwa wamebadilisha maji ya shamba.

Nilimsomea mjomba habari hii. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao walikuwa wanakula mbichi. Sisi tunapika." Na hapo pia ana haki, nusu. Sukuma tunaipika. Lakini dania, nyanya na kitunguu cha kachumbari hatupiki, na mjomba ana matuta mawili ya dania kando ya sukuma, yanayokunywa maji yale yale. Tena majani machafu yakiwekwa juu ya meza ya jikoni, kisu kile kile kikatumiwa kukata embe, vijidudu vimehama bila kulipa nauli.

Basi maji gani yanafaa? Mwaka wa 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango: maji taka yaliyosafishwa yakitumiwa kwa mboga za kuliwa mbichi, mililita 100 zisizidi vijidudu 1,000 vya kutoka kwenye kinyesi, na lita moja isizidi yai moja la minyoo. Mwaka wa 2006 shirika hilo lilitoa mwongozo mpya, nami kwa maoni yangu mwongozo huu wa pili unatufaa zaidi sisi maskini. Unasema kwa ufupi kwamba usitegemee ukuta mmoja. Jenga kuta nyingi ndogo tangu shambani hadi jikoni. Ukuta mmoja ukibomoka, mwingine utazuia.

Kuta hizo baadhi hazigharimu pesa. Maji ya kijito yakichotwa na kuwekwa katika shimo au pipa, yakatulia siku mbili tatu bila kuvurugwa, mayai ya minyoo huzama chini kwa sababu ni mazito. Unateka ya juu polepole, wala hutumbukizi ndoo mpaka matopeni. Halafu namna ya kunyunyiza: sisi tulikuwa tukimwaga kwa karai kutoka juu, maji yanapiga jani na udongo unaruka. Ni afadhali kumwaga chini kwenye shina, na kutandaza nyasi kavu ili udongo usirukie majani. Mwenye uwezo huweka bomba zenye matundu madogo zinazodondosha kwenye mizizi. Na kabla ya kuchuma, acha kunyunyiza siku kadhaa. Jua la Mungu ni dawa ya bure. Vijidudu vingi vilivyo juu ya jani hufa kwa ukavu na miali ya jua. Shida ni kwamba mboga isiyonyweshwa hunyauka kidogo, na mteja anataka inayong'aa. Hapa ndipo elimu na soko hugombana.

Nisiseme maji peke yake. Samadi nayo ina hatari yake, na wengi hatujui kwa vile tumezoea kuiita mbolea. Mwaka wa 2006 huko Marekani watu wapatao 200 waliugua na angalau watatu wakafa baada ya kula spinachi mbichi iliyokuwa imefungwa vizuri katika mifuko. Uchunguzi ulipofuata nyayo za vijidudu ulifika California, na vijidudu vya aina ile ile vikapatikana katika kinyesi cha ng'ombe na cha nguruwe mwitu karibu na shamba. Kumbuka hiyo ni nchi tajiri, na mboga ilikuwa imeoshwa kiwandani.

Tulipofundishwa kutengeneza mboji tuliambiwa tuchome kijiti kirefu ndani ya lundo, tukitoe na kukishika. Kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Wengi tulidhani ni la kuozesha tu. La hasha! Joto hilo ndilo linaloua vijidudu na mayai ya minyoo. Kanuni za Marekani za kilimo cha asili hudai lundo la wazi likae nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ligeuzwe angalau mara 5 ili yaliyo pembeni nayo yaingie katikati na kuonja moto. Samadi mbichi, kanuni hizo zasema, iingizwe udongoni siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusana na udongo. Sasa chukua sukuma yetu. Huanza kuchumwa kama miezi miwili tangu kupandikizwa, kisha huchumwa jani kwa jani kila wiki kwa miezi mingi. Ukiweka samadi mbichi siku ya kupandikiza, siku 120 hazijatimia. Ukiiongeza mboga ikiwa shambani, hazitimii kamwe! Kwa hiyo mkulima wa sukuma hana njia isipokuwa mboji iliyoiva, au samadi atie msimu wa mahindi uliotangulia. Hesabu hii niliifanya mwenyewe nikamwonyesha mwalimu wa kilimo, akasema iko sawa.

Kuhusu mikono na vyoo nitapita haraka, kwani tangu darasa la kwanza tumeimbiwa. Nitasema tu kwamba kibarua anayeajiriwa kuchuma sukuma alfajiri, shamba halina choo, anaenda wapi? Na akirudi ananawa na nini? Kibuyu chirizi, yaani mtungi mdogo wenye tundu uliofungwa kamba ya kukanyaga, na kipande cha sabuni, havizidi bei ya mkate.

Juu ya dawa za wadudu sitapita haraka. Kila chupa ina maandishi yanayoeleza ungoje siku ngapi kati ya kupulizia na kuchuma. Siku hizo si mapambo. Ndizo muda wa dawa kupungua mpaka kiasi kisichodhuru. Lakini jirani mmoja bondeni hupulizia Jumatatu, na mnunuzi akija Jumatano na pesa mkononi, mboga inaenda. Atakataaje? Ana deni la duka.

Hili la dawa lina kisa chetu wenyewe. Yale maharagwe machanga ya kijani, wakulima wengi huyaita mishiri, huuzwa Ulaya. Yalipopatikana na mabaki ya dawa kupita kiasi, ikiwemo iitwayo dimethoeti, Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kuanzia Januari 2013 mizigo 10 katika kila 100 ya maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya ipimwe mpakani. Gharama ikapanda na wakulima wadogo wengine wakaachwa na wanunuzi. Ndipo nchi ikahangaika, na mwaka wa 2016 Shirika la Viwango likawa na kanuni ya matunda na mboga, KS 1758 sehemu ya pili, inayotaka maji yaangaliwe, dawa ziandikwe daftarini, wafanyakazi wawe na choo na mahali pa kunawa, na mboga iweze kufuatwa mpaka shambani ilikotoka. Kanuni hiyo si ya kuuza nje tu, ni ya soko la ndani pia. Lakini nenda Kangemi au Wangige ukamwulize mwuzaji sukuma yake ilipandwa shamba gani. Atakutazama kama umerukwa na akili. Tumbo la Mzungu lina daftari. La kwangu halina. Jambo hili linaniudhi, sitaficha.

Na kukosa daftari huumiza hata mkulima mwema. Mwaka wa 2011 nchini Ujerumani kulitokea ugonjwa wa kuharisha damu ulioua watu zaidi ya 50. Kwanza walilaumiwa matango ya Hispania, na wakulima wa huko wakatupa mavuno yao. Baadaye ikajulikana chanzo kilikuwa mimea michanga ya uwatu iliyooteshwa kwa mbegu zilizotoka Misri. Matango hayakuwa na hatia. Sasa fikiria meza ya mama yangu: mafungu ya sukuma kutoka mashamba manne, yote yamechanganywa. Mtu akiugua, nani atamtetea mjomba? Na kama mkosaji ni mjomba, nani atawatetea wengine watatu?

Kisha mboga hutoka shambani. Ubaya mwingi hufanyika katika saa hizi chache. Karoti huoshwa kijitoni ili zing'ae, na hapo karoti iliyokuwa na udongo tu hupewa kinyesi. Sukuma hutiwa katika gunia lililobeba samadi jana. Sokoni hunyunyiziwa maji kila mara isinyauke, na ndoo ile haijulikani ilijazwa wapi. Mama sasa hutumia maji ya mfereji, kwa mtungi wenye kifuniko. Lakini kuna jambo moja ambalo bado tunabishana naye, nalo ni kukata. Wateja wanaotoka kazini wanataka sukuma iliyokatwa tayari, nyembamba kama nyuzi, na mama huanza kukata saa kumi ili saa moja usiku awe na mifuko ya kutosha. Jani likikatwa hutoa maji yake, na maji hayo ni chakula cha vijidudu. Escherichia coli ikipata joto na chakula cha kutosha hujigawa mara mbili kila dakika 20. Kwa hesabu, kimoja baada ya saa 7 huwa zaidi ya milioni mbili. Juu ya meza ya stejini mambo hayaendi kasi hivyo, kwani kuna baridi ya Kinoo, lakini mwelekeo ni huo. Na mteja akifika nyumbani haoshi vizuri tena, maana nyuzi zile zitapita katika vidole. Njia sahihi ni kuosha jani zima, moja moja, kwa maji yanayotiririka, pande zote mbili, ndipo ukate.

Mama alisema, "Nikikataa kukata, wataenda kwa jirani yangu." Tumefika mahali pa kati: anaosha majani mazima kwanza, anakausha kivulini, na anakata mteja akiwa amesimama pale. Foleni huwa ndefu na wengine huondoka. Wengine wameanza kumpenda kwa hilo.

Na mjomba? Aliketi na daftari langu tukapiga hesabu. Akinunua maji ya kunyweshea robo ekari yote, atapata hasara. Akitumia ya kijito yalivyo, mimi nitamsumbua. Kwa hiyo amegawa shamba. Chini kabisa kando ya kijito amepanda napia, chakula cha ng'ombe, inayokunywa maji yale na kuzuia udongo usibebwe. Huiacha siku kadhaa ikauke juani kabla ya kuikata. Katikati ni sukuma, inayotumia maji yaliyotulia katika shimo alilochimba, akimwaga kwenye shina tu, na kuacha siku nne kabla ya kuchuma. Dania ameihamisha juu kabisa karibu na nyumba, ambako kuna tangi la maji ya mvua kutoka paani. Mistari ya sukuma imepungua kwa theluthi, na pengo hilo la pesa nyumbani tunalijua.

Risasi na madini mengine sijaweza kumjibu, kwa sababu hayo si ya kutulia shimoni wala kukauka juani. Yanazuiwa huko yanakotoka, katika gereji na mahali pa kuoshea magari, na katika lile jengo lenye kifuniko. Kuhusu jengo hilo, wakulima sita wa bondeni wameandika barua kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Mimi ndiye niliyeiandika kwa Kiswahili sanifu, mwalimu mlezi akaisahihisha, na tumetaja Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Barua ilipelekwa kwa mkono na nakala ikagongwa muhuri. Mvua za Aprili zikianza tutajua kama kifuniko kimefungwa.